Mfano Hautungwi

Sura ya Sita

Saa saba na robo mchana Inspekta alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, na alikuwa anaogopa. Tusimcheke. Miaka kumi na tisa ya upelelezi alikuwa ameshughulika na maiti, na maiti, kwa ubaya wake wote, ana nafuu moja: la kumpata limekwisha kumpata. Leo mtu aliyemleta hapa alikuwa hai, amekaa meza ya pili anatafuna kucha, na kwa mujibu wa kadi iliyokuwa mezani alitakiwa awe amekufa kabla siku haijaisha.

"Isome tena," Inspekta alimwambia.

"Nimeisoma mara mia."

"Isome ya mia na moja, dada yangu. Polepole."

Dada Te aliivuta kadi kwa ncha za vidole. Jina lake hasa lilikuwa jingine, lakini katika ofisi ile ya kamusi watu waliitana kwa kazi zao, naye alikuwa na mwaka wa tatu ndani ya herufi T, hajatoka. Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, sawa na maelfu mengine yaliyojaa kwenye droo za mbao kuanzia sakafuni hadi karibu na dari. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, neno la Kiingereza: TREACHEROUS, kivumishi. Katikati sentensi ya mfano kwa Kiingereza, na chini yake tafsiri.

"'Haini wa pili humfuata wa kwanza,'" alisoma, "'hata akijifanya hakuwa naye.'" Alishusha kidole mstari wa chini. "Halafu chanzo: DM, ukurasa wa tisa. Mahali pa jina la aliyeokota mfano pako wazi. Halafu tarehe. Tarehe ni ya leo."

"Na ile ya Naibu?"

"Ilikuwa na tarehe ya Jumanne. Aliikuta Jumatatu kwenye trei yake, akacheka, akatuonyesha sote. Akasema kuna mtu humu hajui kusoma kalenda."

Jumanne saa nne asubuhi Naibu Mhariri alishuka ngazi za nyuma kwenda uani, akafika chini kichwa kikitangulia. Shingo ilivunjika. Kadi yake ilisema: "Haini hashuki ngazi, ngazi humshusha." DM, ukurasa wa saba. Mkuu wa kituo aliandika "ajali", akafunga jalada kabla ya chakula cha mchana, na Inspekta alipomwonyesha kadi akaambiwa hiyo ni mizaha ya wasomi. Alibembeleza mpaka akapewa siku moja. Siku yenyewe ndiyo hii, na ofisi hufungwa saa kumi.

"Kwa nini neno hili?" aliuliza. "Mtu asiye mwaminifu, Waingereza si wana maneno mengi ya kumwita?"

Hofu ilimpungua Dada Te usoni, kazi ikashika nafasi yake. "Wanayo tele. Kuna disloyal. Huyo ameacha upande wake tu, anaweza hata kuondoka mchana kweupe, kwaheri ameaga. Lakini hili..." Alilielekezea kidole bila kuligusa. "Huyu haondoki. Yuko nawe, anakula nawe, anakuuliza umelalaje. Ukishamwamini kabisa, ndipo. Linatumika kwa vitu pia, kama barabara inayoonekana nzuri kumbe inazama. Ila likisemwa kwa mtu, ni lazima kwanza awe ameaminiwa. Asiyeaminiwa hawezi kuitwa hivi."

"Basi aliyeandika hizi kadi alikuwa anawaamini nyinyi wawili."

Dada Te aliigeuza kadi kifudifudi.

"Dada yangu, mimi si bosi wako. Mlifanya nini?"

Alitazama mlango, akatazama dirisha, akarudi mlangoni. "Naibu alipata mchapishaji mwingine," alinong'ona. "Alitaka kunakili kadi zote, kuanzia A mpaka hapa tulipofika, kamusi itoke huko kwanza, kwa jina lake. Watu wamezikusanya miaka ishirini na miwili, Inspekta. Nilimsaidia droo tatu. Tatu tu, haki ya Mungu. Halafu nikawa silali, nikamwambia sitaki tena. Hakuna anayejua."

"Yupo mmoja anayejua."

Hapo machozi yalimtoka, si kidogo. "Usimwambie mama mdogo. Nakuomba. Atakufa kwa aibu."

Mama mdogo ndiye Mama Droo, mtunzaji wa kadi na vyanzo, mdogo wa mama yake mzazi. Mama mzazi alipofariki Dada Te alikuwa na miaka sita. Mama Droo akamchukua, akamfundisha kusoma kwa kadi zilizoharibika, akamsomesha, akamleta kazini. Mpaka leo waliishi nyumba moja. Asubuhi Inspekta alitaka binti asitoke nyumbani, akakataa katakata: nyumbani ndiko angekuwa peke yake, mama mdogo yuko kazini.

"Sikiliza," Inspekta alisema. "Koplo wangu amesimama mlango wa mbele, hakuna mgeni atakayeingia. Lakini mpaka saa kumi usikae peke yako hata dakika moja. Ukienda chooni, ukienda kunywa maji, kokote. Uwe na mtu unayemwamini."

"Nitakuwa na mama mdogo."

"Hapo sawa," alisema Inspekta, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi ikafika tumboni.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo, na nguo hii haikuwa pana. Kadi zile ziliandikwa na mtu wa humu humu, hilo halikuwa na mjadala. Mtu wa nje asingejua mistari inakaaje. Inspekta alikuwa ametaka kulinganisha miandiko akaambiwa asijisumbue: Mhariri Mkuu aliwafundisha wote kuandika herufi za aina moja, mpiga chapa asipate tabu, na siku hizi hata yeye mwenyewe hawezi kutofautisha kadi yake na ya mwingine. Mhariri Mkuu alikuwa safarini wiki ya pili sasa. Wakusanyaji wawili wa herufi nyingine Jumanne walishinda kwenye kiwanda cha uchapaji wakikagua kurasa, watu kumi waliwaona. Kwa hesabu ya Inspekta aliyebaki ni mmoja, na huyo mmoja aligombana na marehemu mbele ya ofisi nzima.

Msomaji wa prufu, mkagua makosa ya chapa, aliitwa Nukta, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuona nukta iliyokosekana akiwa upande wa pili wa chumba. Alikuwa mtu mnene, miwani imefungwa kwa uzi, na Inspekta alipoingia aliruka kitini mpaka karatasi zikamwagika.

"Ungebisha hodi, baba! Unataka kuniua?"

"Nani anataka kukuua?"

"Sijui! Ndiyo maana naruka."

Inspekta alikaa. "Uligombana na Naibu."

"Nani hakugombana na Naibu?"

"Wiki iliyopita. Kwa neno hili hili."

"Aliandika maana yake ni 'mjanja'. Mjanja! Mjanja si anaweza kuwa mtu mzuri tu? Mfanyabiashara ni mjanja, mwanasheria ni mjanja, mke wangu ni mjanja sana. Haini ni kitu kingine. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana, akanirushia rula."

"Na wewe?"

"Nikamrudishia. Rula ya ofisi ile."

"Fungua droo yako."

Nukta aliifungua. Kulikuwa na kopo la dawa ya viatu na kitambaa. Inspekta alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaikunjua. Ndani yake kulikuwa na vumbi jeupe, la mafutamafuta, alilolikwangua Jumanne kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, pale marehemu alipoteleza. Alilisogeza karibu na kopo. Dawa ya viatu ilikuwa nyeusi, inanuka mpaka machozi yanatoka. Hili halikuwa na harufu.

Basi hapo ushahidi wake wote ulimwagika. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tisa kasorobo na hakuwa na mtu mwingine.

"Hiyo nta ya mshumaa," alisema Nukta, ameshainama, pua karibu na karatasi.

"Umejuaje?"

"Kazi yangu kuona, Inspekta. Ningeona mapema ningesema."

"Humu kuna mishumaa?"

"Umeme ukikatika tunakwenda nyumbani. Hatuwashi moto, kwa kadi hizi? Tutaungua kama mabua."

Inspekta alisimama, akaanza kutembea. Akitaka kufikiri lazima mikono ishike kitu, ndiyo tabia yake, na mikono ikashika droo ya kadi iliyokuwa karibu, ikaivuta. Alivuta kwa nguvu aliyozoea kwa droo za kituoni, zile zinazokwama. Hii ilichomoka nzima, ikamwangukia kwenye ugoko.

"Aah! Mama yangu!"

"Polepole!" Nukta alikuwa tayari yuko chini anaokota. "Hizi hazivutwi hivyo. Zinateleza. Zimepakwa mshumaa."

Mkono wa Inspekta uliokuwa unasugua ugoko ulisimama. Nukta mwenyewe aliacha kuokota.

"Nani huzipaka?" aliuliza Inspekta.

"Mama Droo. Kila mwisho wa mwezi."

"Na nani mwingine?"

"Haruhusu mtu. Anasema sisi tunapaka kama tunasiliba nyumba."

"Huo mshumaa hukaa wapi?"

"Mfukoni kwake," alisema Nukta polepole. "Lakini, Inspekta, acha hizo. Yule mama ni mtu wa... Yule ndiye aliyemlea Dada Te!"

Ndivyo Inspekta naye alivyojiambia. Mshumaa unauzwa kila duka. Mtu yeyote angeweza kuuona ule, akapata wazo, akanunua wake. Akashika hilo kwa nguvu, kwa sababu lile jingine hakulitaka.

"DM ni kitu gani?" aliuliza.

"Si kitu. Chanzo cha uongo. Sote tulitazama orodha ya vyanzo," na Nukta akamwonyesha kijitabu kilichopigwa chapa, kila meza na chake. "Hakimo."

"Orodha hii ya lini?"

"Ya mwaka jana. Inachapwa mara moja kwa mwaka."

"Na vyanzo vilivyoingia tangu hapo?"

"Viko kwenye daftari kubwa la Mama Droo. Lakini tulimwuliza siku ile ile. Akasema hakuna DM."

"Mliliangalia daftari?"

Nukta alimtazama kama ameulizwa kama walimpekua mama mkwe. "Daftari lile halifunguliwi. Unamwuliza, anakujibu. Hata Mhariri Mkuu husubiri jibu hapo mlangoni. Miaka yote hiyo hajawahi kukosea hata mara moja, kwa nini tulifungue?"

Inspekta hakungoja. Chumba cha vyanzo kilikuwa kinafuata, mlango wazi, kiti cha Mama Droo kitupu, sweta lake limening'inia. Daftari lilikuwa juu ya kimbweta chake, kubwa kama mlango wa kabati. Nyuma yake Nukta alikuwa analalamika, usilifungue, jamani, usilifungue, huku naye anazidi kusogea apate kuona.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na mistari minne tu. Wa tatu, kwa herufi zile zile za ofisi nzima, ulisema hivi: DM, Daftari la Mtunzaji. Mswada wa mkono, kurasa arobaini na nane. Mwandishi: mtunzaji wa vyanzo. Umepokewa na: mtunzaji wa vyanzo. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Pembeni, kwenye safu ya kurasa zilizotumika, palikuwa na saba na tisa. Mbele ya saba paliandikwa "imethibitishwa". Mbele ya tisa palikuwa patupu.

"Haiwezekani," alisema Nukta. "Kwa nini aandike? Si angebuni tu chanzo chochote?"

"Wewe ndiye unayemjua. Niambie wewe."

"Hawezi," alisema Nukta kwa sauti ndogo. "Kweli, hawezi. Mfano hautungwi, huokotwa. Ndiyo sheria ya humu. Kadi isiyo na chanzo kilichosajiliwa haitoki mkononi mwake. Aliwahi kuchana ya Mhariri Mkuu mbele yake. Kwa hiyo... kwa hiyo aliiandika mifano kwanza kwenye hilo daftari lake la DM, ndipo akaiokota humo."

"Yuko wapi sasa?"

"Wametoka kidogo. Dada Te alitaka kwenda chooni, ukasema asiende peke yake." Nukta alishika kifua. "Vyoo viko uani, Inspekta. Ngazi za nyuma."

Inspekta alijua kuogopa, lakini hofu hii hakuwa anaijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema uwe na mtu unayemwamini. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, amemkabidhi binti wa watu. Alivua viatu pale pale, kwa sababu ukumbi ule wa mbao ulilia kwa kila hatua, na mtu aliye juu ya ngazi akishtuliwa huanguka bila hata kusukumwa. Akakimbia kwa soksi, jasho linamtiririka.

Mwisho wa ukumbi mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Aliwaona kwa mgongo. Dada Te alikuwa ukingoni kabisa, mkono mmoja ukutani. Mama Droo, mwanamke mfupi mwenye kilemba safi, alikuwa nyuma yake, kiganja kimetulia katikati ya mabega ya binti.

"Mama, naogopa," Dada Te alikuwa anasema.

"Unaogopa nini, mwanangu? Asubuhi nimezisugua mwenyewe, moja moja. Shuka tu, mimi nipo nyuma yako."

Ngazi ya tatu ilikuwa inang'aa kwa weupe. Kutoka alipokuwa Inspekta mpaka pale ni hatua sita, na mkono ule ulikuwa hauhitaji hata moja. Angeita "simama", mkono ungemaliza. Angeruka, asingefika. Aliulazimisha ulimi useme, na useme kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyeleta kazi ndogo tu ya ofisini.

"Samahani, mama. DM, ukurasa wa tisa. Mahali pa jina la aliyeokota pako wazi. Niandike nani?"

"Paache," alijibu Mama Droo papo hapo, huku anageuka, kiganja kimeondoka mgongoni kwa binti. "Panajazwa mfano ukishathibitishwa."

Alikuwa amekwisha kusema lote alipojisikia. Inspekta aliona macho yake yakielewa. Hatua sita alizipiga tatu, akamdaka Dada Te kifundo cha mkono, akamvuta ndani kwa nguvu mpaka wote wawili wakapiga mgongo ukutani.

Mama Droo hakukimbia. Alikaa chini juu ya ngazi ya kwanza, akapanga nguo yake magotini. Kutoka mfukoni mwake kipande cha mshumaa kilikuwa kimechomoza, kimeliwa upande mmoja.

"Mama?" alisema Dada Te. "Mama, anasema nini huyu?"

"Droo tatu zilirudi kadi zimegeukia siko," Mama Droo alisema. Hakuinua sauti. "Kila kadi humu naijua inavyolala. Nikawafuatilia, nikawaona. Yule mwanaume sikushangaa, alikuja mtu mzima, ana tamaa zake. Lakini wewe nilikulea katikati ya droo hizi. Ulijifunzia kusoma hapa, ulilala chini ya meza ile ukiwa na homa. Kazi ya maisha yangu umeibeba kwenye kapu, ukairudisha, jioni ukaja ukaniuliza mama umeshindaje."

"Niliacha!" Dada Te alipiga kelele, kilio kimempanda. "Niliacha mama, nilimwambia sitaki! Zilikuwa tatu tu!"

"Hukuniambia."

"Niliona haya!"

Mama Droo aliitikia kwa kichwa kidogo, kama aliyepokea taarifa. Kutoka mbele ya jengo sauti za buti za Koplo zilikuwa zinakuja mbio, Nukta akimwelekeza kwa makelele. Inspekta alisimama katikati ya wanawake wale wawili, na hakumwachia binti kifundo cha mkono.

"Ungenisukuma?" Dada Te aliuliza. "Niambie ukweli, mama. Mimi? Ungenisukuma kweli?"

Mama Droo hakukimbilia kujibu. Alifikiri, kama alivyofikiri siku zote alipoulizwa swali la kazi, asije akatoa jibu la kubahatisha. Halafu akamwangalia binti yake kwa mapenzi ambayo Inspekta aliyaona kwa macho yake, na ndiyo yaliyomtisha kuliko yote ya siku ile.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Na ningekulilia mpaka naingia kaburini."

Dada Te alimwamini.